Mita Kumi na Moja

3 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea mkunga, yule mnene anayecheka kabla hujamaliza kusema. Tangu daraja lifungwe, yeye na sanduku lake la chanjo ndio pekee wanaoruhusiwa kuvuka. Nusu ya askari wa pande zote mbili wamezaliwa mikononi mwake, au ndivyo anavyowaambia, na hakuna mwenye ubavu wa kumpekua.

Mama hajambo. Magoti yanamsumbua, mdomo haujambo. Jana aliniuliza kama bado unapika chakula cha watu au sasa unapika cha vyeo. Nikamwambia mpishi mkuu wa kambi hupikia vyote viwili. Akasema, "Basi ndiyo maana hawashibi."

Unga hapa umekuwa wa kusikia kwa jirani. Tangu nchi yako hiyo uliyohamia izuie magari ya nafaka kuvuka, mstari wa duka la kona unaanza alfajiri na kuisha kwa matusi. Lakini mimi sijawahi kufa njaa na sina mpango wa kuanza uzeeni.

Kazini ni yale yale. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nashuka ngazi mia moja na nne za chuma kwenye ukuta wa bwawa, nasoma nguzo ya vipimo, napanda, naandika. Mwaka wa ishirini na sita huu. Umesikia redioni: kina cha mita arobaini na mbili. Ndiyo hiyo niliyoandika. Usituhofie.

Nisalimie wifi yangu na watoto. Waambie shangazi yao bado anaweza kuwashinda mbio, ila za kushuka tu.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka dawa ya chanjo, lakini imefika.

Sikufichi, namba yako imenichoma. Arobaini na mbili! Hapa watu wanaitaja kama tusi. Fundi cherehani wa mtaani kwetu ameiandika kwa mkaa ukutani, kubwa kama mlango, na kila apitaye anaitemea mate. Sisi mto umebaki kama kamba iliyoanikwa. Maji ya bomba yanakuja mara moja kwa siku tano, saa moja tu, na usipokuwepo ndiyo basi. Juzi wifi yako alikwenda na ndoo sita akarudi na mbili na mkwaruzo shavuni. Aliyemkwaruza ni jirani tuliyepakana naye ukuta miaka kumi, aliyetubebea mtoto alipoungua. Baadaye alikuja kuomba radhi, wakalia wote wawili. Kisha akasema, "Lakini kamwambie wifi yako afungue bomba lake."

Wanajua, Dada. Wanajua ni wewe unayesoma. Niwajibu nini? Kwamba mmejaza bwawa mnalitazama? Mahindi yetu yamekauka yakiwa kimo cha goti. Mnashangaa unga hauvuki. Huo unga utoke wapi?

Tuyaache hayo. Nina ombi. Mlete Mama huku akae mwezi mmoja, na wewe uje naye. Chukua likizo yako, nakujua hujawahi kuimaliza. Mkunga anaweza kuwavusha kama wagonjwa. Nitampikia Mama mwenyewe, kwa mkono wangu. Msichelewe.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Unaniita mchoyo kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye wa pili unanialika chakula. Hiyo ndiyo adabu ya huko?

Mama nimemsomea barua yote. Amesema hahami. Amesema alihamishwa mara moja katika maisha yake, bwawa lilipojengwa na nyumba yetu ikamezwa na maji, na alikula kiapo kwamba safari ya pili atabebwa. Kisha akaniuliza, "Ana nini mwanangu?" Na mimi nauliza. Una nini? Umegombana na mkeo, unataka Mama aje awapatanishe? Unaumwa? Mwanamume anayebembeleza mama yake na dada yake waje "wasichelewe" ana jambo. Kama ni ugonjwa, sema ugonjwa. Kama ni mwanamke mwingine, usiniambie, nitakuja kwa sababu hiyo tu, na hutapenda.

Mimi kituo changu siwezi kukiacha mwezi mmoja. Meneja hataki mtu mwingine ashuke zile ngazi kwa sasa. Usiniulize kwa nini.

Kuhusu maji, sina la kuongeza. Iliyotangazwa ndiyo iliyotangazwa.

Dada yako


1 Aprili

Dada,

Siumwi. Sina mwanamke mwingine, nguvu hizo nizitoe wapi? Tanuri zangu hazizimwi, mchana kutwa tunakausha mikate. Watu elfu nane, siku kumi. Mikono yangu imekuwa kama makoleo.

Msipokuja kabla ya tarehe ishirini, msije tena mpaka niwaambie. Na kama hamji, basi hameni hapo chini ya ukuta, nendeni popote penye mlima. Mbebe Mama mgongoni akikataa. Sikuombi kama mdogo wako. Nakuomba kama mtu mzima.

Ichome hii.

M.


6 Aprili

Mdogo wangu,

Sikuichoma. Niliisoma mara tatu nikiwa nimekaa juu ya ndoo jikoni, mpaka Mama akauliza kama nimepata choo cha kigeni.

Nimeelewa. Askari akiwa kambini hula chakula cha moto. Mkate mkavu ni wa mtu anayekwenda mahali pasipo na jiko. Watu elfu nane, siku kumi. Mnakuja kuliteka bwawa na kufungua malango kwa nguvu, na wewe ulikuwa unajaribu kututoa mimi na Mama njiani bila kuisaliti kazi yako. Na mimi nikakuuliza habari za wanawake. Nisamehe.

Sasa sikiliza langu, na hili silisemi kwa kunong'ona. Bwawa halijajaa. Leo asubuhi kina ni mita kumi na moja na robo. Chini ya mita nane maji hayafiki kwenye malango, kuna tope tu. Yaani maji yanayoweza kutoka, kwenu au kwetu, ni mita tatu na kidogo. Hizo ndizo mnazotaka kuzifia.

Rudi usome barua yangu ya kwanza. Sikukuambia nilichosoma, nilikuambia nilichoandika. Mwezi wa kwanza meneja aliniita ofisini akafunga mlango. Akasema, "Ukiandika kumi na nne, kesho sokoni hakutakuwa na kilo moja ya unga, wafanyabiashara watafungia kila kitu. Na jirani akijua tuko dhaifu, atatukalia kichwani. Andika arobaini na mbili, wiki mbili tu, mvua iko njiani." Nikaona ana hoja. Nikaandika, nikasaini. Wiki mbili zikazaa miezi mitatu. Nilidhani nawazuia watu wangu wasiogope. Kumbe niliwapa watu wako sababu ya kutuchukia: mtu mwenye kiu anaweza kumsamehe jirani asiye na maji, hawezi kumsamehe aliyejaza akafunga mlango.

Uongo ni wangu, mwandiko ni wangu, na nitaurekebisha mimi. Ndani ya bahasha hii kuna kurasa za daftari langu la mfukoni, ambalo sikuwahi kulidanganya, vipimo vya kila siku tangu mwezi wa kwanza. Kila ukurasa nimeutia saini na kuupiga mhuri wa kituo. Mpelekee kamanda wako. Mwambie zimetoka kwa nani, taja cheo changu chote. Sijifichi.

Dada yako,
Mpima maji mkuu, kituo cha bwawa


9 Aprili

Dada,

Kurasa zako nimezifukia kwenye pipa la unga, na kila ninapochota naona kama zinapumua.

Nisikilize vizuri kabla hujakasirika. Tarehe tatu Machi uliniandikia usituhofie. Tarehe ishirini na nne ukaandika iliyotangazwa ndiyo iliyotangazwa. Leo waniambia ni tope. Nimwamini dada yupi? Mhuri ule ule ndio uliopigwa kwenye arobaini na mbili.

Nikimpelekea kamanda, swali lake la kwanza ni nani alimwambia dada yangu kwamba tunakuja. Hilo nitalibeba. Lakini akiniuliza, "Mpishi, una hakika?", nitasema nini? Huenda meneja wako amekuagiza uandike kumi na moja kama alivyokuagiza uandike arobaini na mbili, ili sisi tulegee. Huenda umelazimishwa, kuna mtu amesimama nyuma ya kiti chako. Nikikosea, ni watu elfu nane ninaowajua kwa sahani zao, nani hali vitunguu, nani huficha mkate wa mwenzake.

Nipe kitu ambacho meneja hawezi kukuamuru.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Una haki, na nimekasirika vilevile. Mtu huvuna alichopanda, lakini si lazima ayapende mavuno.

Jana nilitembea mpaka nyumbani. Nyumbani kwetu, kule kulikomezwa na maji. Nilivua viatu, nikazama kwenye tope mpaka magotini kwa saa nzima, nikafika. Paa hakuna. Ukuta wa jikoni umesimama, umeota magamba ya konokono. Kizingiti kipo.

Unakumbuka ulivyokuwa na miaka saba, baba alipomwaga saruji mpya kando ya meko, akatukataza tusiikanyage? Ukachukua msumari ukaandika utakachokuwa ukiwa mkubwa. Ukakosea herufi. Umeandika MPIHSI. Baba alikuzaba kofi la kuharibu saruji, na la pili la kuharibu neno. Mama alikuwa sokoni, hatukumwambia. Hakuna meneja anayelijua hilo. Hakuna aliyeliona kwa miaka thelathini na nane, maana lilikuwa na mita ishirini za maji juu yake.

Nimeligusa kwa kidole. H iko kabla ya S, kama ulivyoiacha.

Kamanda akitaka zaidi, alete watu wenye kamba na macho. Asubuhi yoyote. Nitawapokea darajani mwenyewe, na nitawashusha ngazi mwenyewe. Huku nimeshabandika namba ya kweli kwenye ubao wa lango la ofisi, kwa hiyo si siri tena.

Dada yako


20 Aprili

Dada yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama nyuma ya magunia. Niliposikia kilio nilidhani ni mtu mwingine.

Asubuhi ya pili nikaandaa kifungua kinywa cha kamanda mwenyewe, sikumtuma mtu. Chini ya sahani nikaweka kurasa zako na barua zako zote. Akainua sahani.

"Mpishi, leo chai ina karatasi?"

"Ina maji, mzee. Au tuseme haina."

Akasoma. Ni msomaji wa polepole, husogeza midomo. Chai ikapoa. Kisha akasema bila kunitazama, "Huyu dada yako alijuaje kuhusu mikate?"

"Nilimwambia mimi."

"Unajua adhabu yake?"

"Najua, mzee. Lakini soma mpaka ile ya saruji."

Akaisoma. Akaguna. Akaniuliza, "Wewe hujui kuandika neno 'mpishi'?" Nikamwambia nilikuwa na miaka saba. Akasema, "Redio yetu inasema arobaini na mbili. Yao inasema arobaini na mbili. Wakubwa wote wanasema arobaini na mbili. Na wewe unataka nisikilize jiko?"

Nikamwambia, "Mzee, jiko ndilo linalojua nani ana njaa kweli."

Akasema neno ambalo sitalisahau: "Nikiteka bwawa tupu, kesho kiu ya nchi mbili itakuwa ya kwangu." Akaagiza nifungiwe kwenye ghala la vitunguu mpaka ukweli ujulikane. Siku tano, Dada! Nimelia machozi ya maisha yangu yote, na hakuna hata moja lililokuwa la huzuni.

Kumbe yeye alipeleka habari juu, wakubwa wakapiga kelele, akawaambia hasogezi gari moja mpaka wahandisi wake wapime. Wamevuka jana asubuhi wakiwa na kitambaa cheupe. Mhandisi mkuu ni mtu mzima, mkavu, haamini hata saa yake. Najua umekutana naye. Nijibu, nimetolewa ghalani lakini sijaambiwa kitu.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Umesubiri jibu siku tisa kwa sababu na mimi nilikuwa nimefungiwa, ila kwangu hakukuwa na vitunguu.

Huyo mhandisi wenu! Nilimngoja darajani na koti langu la kazi. Akanisalimia kama anayemeza kidonge. Tulipofika langoni meneja wetu alikuwa amesimama na walinzi wanne. Akasema hapiti mtu. Nikamwambia, "Bosi, pembeni yako kuna ubao wenye namba. Watu mia mbili wameshaisoma leo. Unalinda nini?" Alikuwa amekonda, sikuwa nimemwona vizuri kwa siku nyingi. Akasema, "Umenimaliza." Nikasema, "Tulisaini wote, bosi. Nami nimejimaliza, lakini nimelala usingizi." Akasogea.

Nikawashusha. Ngazi ya mia mhandisi wenu akasimama. Hakukuwa na maji ya kutazama, kulikuwa na ukuta mkavu wenye mistari kama ndani ya sufuria iliyochemka mpaka ikaungua, na chini kabisa bamba dogo la maji ya kahawia. Akapima kwa kamba yake, akapima tena, akapima mara ya tatu. Mita kumi na moja kasoro. Akakaa kwenye ngazi bila kujali suruali yake safi. Akasema, "Nina mtoto wa kiume kwenye kikosi kile." Basi. Tukapanda.

Mimi walikuja kunichukua adhuhuri hiyo hiyo. Siku tisa za maswali, watu wenye adabu, chai mbaya. Kesi yangu itasikilizwa mwanzoni mwa mwezi wa sita: kutoa siri ya serikali. Na kudanganya vipimo? Hilo hawakuliandika. Nimewakumbusha waliongeze.

Mjini hakukuwa shwari, sitakudanganya tena. Siku namba ilipobandikwa maduka mawili yalivunjwa, na muuza sukari alivunjika mkono. Meneja hakuwa mjinga, alilolihofia lilitokea. Lakini siku ya tatu watu walianza kuja ukutani kutazama wenyewe, familia nzima nzima, wakiinama kwenye reli. Walikuwa wakirudi na kupanga mstari bila matusi. Mama anasema hajawahi kuona mji ukikua kwa siku moja namna hiyo.

Na juzi wakubwa wameketi katikati ya daraja, kwenye meza ya shule. Maji yatakuwa ya kunywa tu, hakuna mashamba. Malango yatafunguliwa kwa saa moja kila alfajiri, nusu kwa nusu, wapimaji wa pande zote mbili wakishasaini kina, mpaka mvua. Magari ya nafaka yatavuka kila Jumanne, hata kama ni machache. Si mapenzi. Wamenuniana mpaka mwisho. Lakini magari ya kijeshi yamegeuzwa, na hilo nimeliona kwa macho yangu kutoka dirisha la mahabusu.

Dada yako


12 Mei

Dada,

Maji yalifika hapa siku ya nne baada ya mkataba. Kidogo, ya rangi ya chai, na kila mtu aliyachemsha kama dhahabu. Fundi cherehani ameufuta ukuta wake. Wifi yako anasema jirani amekutaja kwa jina zuri bombani, ila hajarudisha ndoo.

Nimeomba kibali nije kwenye kesi. Nimekataliwa. Na mimi wamenivua cheo. Siko tena jiko la kambi, nimepelekwa hospitali ya mji, napika uji wa wagonjwa. Usinihurumie. Wagonjwa wanasema asante, jambo ambalo jeshini sikulisikia miaka kumi na saba.

Ninachoweza nimefanya. Kwenye bahasha ya mkunga kuna maelezo yangu yenye saini, kwamba niliyeanza kutoa siri ni mimi. Kamanda naye ameandika yake, ukurasa mmoja. Hajaniruhusu kuyasoma, lakini alinyoa ndevu siku aliyoyaandika.

Simama wima.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Yamekwisha. Kaa, nikusimulie.

Chumba kilijaa mpaka madirishani. Mwendesha mashtaka, kijana wa suti, akaniuliza, "Unakubali kwamba ulimpa adui habari?"

"Nilimpa mdogo wangu habari. Naye akampa kamanda wake."

"Na adui alifaidika nini?"

"Alipata namba, mwanangu. Alipoipata akageuza magari."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Maelezo yako yakasomwa. Mama alisimama sehemu ya wasikilizaji, na magoti yake yale, akasema kwa sauti, "Huyo ni mwanangu wa mwisho." Hakimu akamruhusu aendelee kusimama. Ya kamanda yakasomwa baadaye. Aliandika kwamba alikuwa na amri, mafuta na chakula cha siku kumi, na kwamba kama si karatasi za mwanamke mmoja angekuwa amelishinda bwawa na kuwapoteza watu. Hapo hakuna aliyecheka.

Hukumu: nina hatia. Kifungo cha mwaka, lakini sitaingia gerezani nisipofanya kosa jingine. Kazi nimeipoteza. Hakimu aliniuliza kama nina la kusema. Nikasema ndiyo: kwamba waliponiambia niandike uongo hakuna aliyenishtaki, na kwamba uongo huo ndio kosa langu ninalolijutia. Akaandika. Sijui aliandika nini.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa natwanga chumvi mlango ukagongwa. Mhandisi wenu mkavu, na pembeni yake mpima maji mpya wa upande wetu, mwanamke mnyamavu aliyetoka makao makuu. Wamesimama mbali mbali kama waliolazimishwa kupigwa picha. Kumbe siku tatu wamekuwa wakishuka pamoja na kupanda na namba mbili tofauti. Zinapishana vidole viwili, na kwa vidole viwili hivyo kila mmoja amemwita mwenzake mwizi. Malango hayajafunguliwa tangu juzi.

Mhandisi akaniambia, "Mama, mimi sisaini mpaka wewe uione."

Yule wa upande wetu akasema, "Na mimi."

Nikawaambia sina kazi tena, sina mhuri, na kisheria mimi ni mhalifu. Mhandisi akajibu, "Ndiyo. Wewe tu ndiye tunayejua ulidanganya lini na uliacha lini."

Nikamtazama Mama. Akasema, "Unangoja nini? Watu wana kiu."

Nikavaa viatu. Tulishuka watatu, mimi mbele. Upepo ulikuwa unatikisa maji, na kila mmoja alikuwa akisoma wimbi lake. Nikawaambia wangoje litulie. Tukakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, labda dakika kumi. Maji yakalala. Nikasoma kwa sauti, wakasoma baada yangu, wakaandika. Tulipofika juu nilisikia malango yakinguruma.

Nenda kawashe jiko, maji yako njiani.

Dada yako